Waliimba Kapkatet, Likavuma Jina la Mwingine

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisikia ikitajwa mara nyingi wanapozungumziwa wanamuziki: kwamba mwenye kipaji hahitaji kupigiwa debe, na anayepigiwa debe mno basi hana kitu. Ni maneno matamu ya kumfariji mwimbaji asiyepata wanunuzi. Lakini, ndugu msomaji, ukiichunguza historia ya muziki katika nchi yetu hii ya majani chai, kuanzia Kericho mjini, ushuke Litein na Kapkatet, upite Sotik hadi Bomet, utaona kwamba katika muziki kizuri hakijapata kujiuza hata siku moja. Kila kilichouzwa kilikuwa na mtu wa kukiuza. Kilichomkosa mtu huyo kilibaki kikiimbwa nyumbani, kizuri vile vile, ila hakikujulikana ng'ambo ya mto.

Ushahidi wangu ni wimbo mmoja mfupi uitwao Chemirocha. Nimeusikiliza mara nyingi, na kila niusikilizapo naona kwamba ndani yake mna mambo yote matatu ambayo watu hubishania kuhusu muziki wa kupendwa: kipaji, uigaji na biashara. Tena yamo kwa namna ya kushangaza, maana hayo matatu hayakumkuta mtu mmoja.

WASICHANA NA KINUBI

Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa amehamia kusini mwa Afrika tangu ujana wake, alizunguka Kenya, Tanganyika na Uganda akiwa na mitambo ya kunasa sauti. Kampuni ya santuri ya Gallo, yenye makao yake Johannesburg, ilikuwa ikiisaidia kazi hiyo. Katika mzunguko wake alifika Kapkatet, akawakuta Wakipsigis, akanasa nyimbo zao. Miongoni mwa alizonasa zilikuwamo tatu zenye jina moja la Chemirocha. Ya tatu iliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, na hiyo ndiyo iliyokuja kupendwa zaidi huko nje.

Chombo kilichopigwa ni chepkong'o. Kwa msomaji asiyekijua, hicho ni kinubi cha Wakipsigis, ndugu yake nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Nyuzi zake zinajibu polepole, na juu yake sauti za wasichana zinapanda na kushuka pamoja, nyororo, bila papara. Mtu asiyejua hata neno moja la Kikipsigis huusikiliza akanyamaza. Hicho ndicho kipaji, na hakuna aliyewafundisha darasani.

Sasa, huyo Chemirocha waliyemwimba ni nani? Litamke jina hilo taratibu, kisha ulitamke jina la Jimmie Rodgers kwa ulimi wa Mkipsigis wa zamani hizo. Sauti ya "j" inageuka "ch" mwanzoni, na inageuka tena "ch" mwishoni. Hapo jina la mwimbaji wa Marekani limekwisha kuwa jina la kwetu. Tena limepata mwanzo unaofanana na wa Chemutai, Chebet na Cherono, majina ya mabinti zetu.

Rodgers hakupata kukanyaga Afrika. Alipokuwa Tracey anatega mitambo yake Kapkatet, Rodgers alikuwa kaburini miaka 17. Kilichofika ni santuri zake. Wazungu walizileta pamoja na gramafoni zao za kuzungushwa kwa mkono, na watu wetu wakaisikia sauti inayotoka katika sanduku lisilo na mtu ndani. Tracey aliandika kwamba wasichana hao walimfanya Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu, nusu mnyama, mwenye miguu ya paa, na kwamba katika wimbo wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka mpaka aponyoke katika nguo zake. Hayo ni maelezo ya Tracey. Msomaji ayapokee kama apokeavyo maelezo ya mgeni yeyote aliyekaa siku chache, kwa maana mabinti wanapoimba kwa mzaha, mgeni huweza kudhani wanaabudu.

HUYO RODGERS NAYE ALIIGA

Wako watakaosema, basi wasichana wa Kapkatet waliiga. Naam, waliiga. Lakini hebu tumtazame huyo aliyeigwa.

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Mississippi, akafanya kazi ya reli, kazi ya kufunga breki za mabehewa. Mwaka 1924 aligunduliwa ana kifua kikuu, na kazi ya reli ikawa ngumu kwake. Kule relini, tangu utoto, alikuwa amewasikia wafanyakazi Weusi wakiimba bluzi zao za kuliwaza uchovu, akazichukua. Pia alichukua yodeli, yaani ile namna ya kuivunja sauti kooni ikaruka juu na kurudi chini, kama waimbavyo wachungaji wa milima ya Alps. Hata hiyo yodeli hakuianzisha yeye katika Marekani. Wasanii wa majukwaani walikuwa wakiiimba kabla yake. Alichofanya Rodgers ni kuviunganisha viwili hivyo kwa gita moja na sauti moja, vikawa kitu kimoja kinachoitwa kwa jina lake.

Mwaka 1930 alirekodi wimbo mmoja wa yodeli yake pamoja na Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta Mweusi hodari kuliko wote wa wakati wake. Santuri ilipotoka, jina la Armstrong halikuandikwa juu yake. Mnunuzi alisoma Rodgers tu.

Basi uigaji hauna aibu yenyewe kwa yenyewe. Ukitafuta mwanamuziki asiyeiga utachoka bure. Mtoto hujifunza kunena kwa kuiga, na mwenye gita hujifunza kwa kutazama vidole vya mwenzake. Kuna kuiga kwa kunakili, ambako mtu hurudia kitu kama kilivyo, na kasoro zake. Kuna kuiga kwa kujifunza, ambako mtu hurudia mpaka mkono ukakomaa. Na kuna kuiga kwa kugeuza, ambako mtu huchukua kitu cha mwenziwe akakitia mezani pake, kikaliwa kama chakula cha nyumbani. Rodgers alikuwa wa aina hii ya tatu. Wasichana wa Kapkatet walikuwa wa aina hiyo hiyo, na mimi nasema walimpita. Sikiliza Chemirocha: humo hamna yodeli, hamna gita, hamna reli. Walichukua jina tu, na yote yaliyobaki ni ya Kikipsigis.

Kama waliiga wote, na kipaji walikuwa nacho wote, kwa nini mmoja alijenga jumba la fahari huko Texas, na wale wengine wakabaki bila kujulikana na wapenzi wa muziki hata katika nchi yao wenyewe?

JINA LA NANI LIANDIKWE?

Jibu linaanzia katika mji mdogo wa Bristol, jimbo la Tennessee, mwezi wa Agosti mwaka 1927. Ralph Peer, mtu aliyekuwa akitafuta waimbaji kwa niaba ya kampuni ya santuri ya Victor, alitega mitambo yake hapo. Rodgers alifika na wenzake wa bendi. Kabla ya kurekodi wakagombana, na ugomvi wenyewe, msomaji, haukuwa juu ya nyuzi wala sauti. Ulikuwa juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri. Wenzake wakajitenga, wakarekodi kwa jina la Tenneva Ramblers. Rodgers akaingia peke yake tarehe 4 Agosti, akaimba nyimbo mbili. Wangapi leo wanawakumbuka Tenneva Ramblers? Rodgers, mwaka 1961, alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri huko Marekani.

Huyo Peer alikuwa na hesabu zake. Alikuwa amepatana na kampuni ya Victor kwamba hatataka mshahara, bali atachukua haki za nyimbo. Kwa hiyo hakuzitaka nyimbo za kale ambazo kila mtu anazijua, maana wimbo wa kila mtu hauwezi kuandikishwa kuwa mali ya mmoja. Alitaka nyimbo mpya, au za zamani zilizogeuzwa kiasi cha kuitwa mpya. Tazama jinsi biashara ilivyoingia hadi ndani ya tumbo la wimbo: mwimbaji aliyejua nyimbo 100 za babu yake hakuwa na thamani kama mwimbaji aliyeweza kutunga 10 zenye jina lake. Rodgers aliifahamu hesabu hiyo upesi. Alipigwa picha akiwa amevaa nguo za mfanyakazi wa reli, na mwaka 1929 akaonekana katika filamu fupi akiimba katika mavazi hayo. Watu walinunua sauti, walinunua na hadithi ya mtu wa reli. Alipokufa mjini New York tarehe 26 Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35, ilikuwa siku mbili tu baada ya kurekodi kwa mara ya mwisho. Jina lake halikufa, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuwa bidhaa, na bidhaa husafiri bila mwenyewe. Ndivyo lilivyofika kwetu.

Sasa urudi Kapkatet. Tracey, tumpe haki yake, aliandika jina la Chemutoi Ketienya. Ndiyo maana leo tunaweza kulitaja. Nyimbo nyingi za watu wetu zilinaswa na wageni wengine bila jina la mwimbaji, zikaandikwa kabila tu. Nyimbo alizonasa Tracey nyingine zilitolewa katika santuri za Decca ya London, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo tangu mwaka 1978 imekaa katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Grahamstown, mji ambao sasa unaitwa Makhanda. Jina liliandikwa, lakini halikuuzwa. Waliousikia wimbo huo Ulaya na Marekani walivutiwa na kisa cha Mmarekani aliyegeuzwa paa na wasichana wa Afrika. Kisa hicho ndicho kilichosafiri. Wasichana wenyewe wakawa kama maelezo ya chini ya ukurasa katika maisha ya Jimmie Rodgers.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili. Sauti ilikuwa yao, kinubi kilikuwa chao, ubunifu ulikuwa wao. Lakini mlango ambao dunia iliingilia kuwasikiliza ulikuwa umeandikwa jina la mtu mwingine.

Katikati ya miaka ya 2010, baada ya zaidi ya miaka 60, maktaba hiyo ya Afrika Kusini ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, inayoongozwa na Tabu Osusa, kuzirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis, zikafikishwa kwa wazee na jamaa za walioimba. Ni tendo la heshima, nami nalisifu. Lakini msomaji afikiri: mtu kuletewa sauti yake mwenyewe akiwa mzee, kama zawadi!

DUKA LA SANTURI KERICHO

Isidhaniwe kwamba nchi ya majani chai daima ilikuwa ya kunaswa na wageni tu. Kulikuwa na wakati ambapo Kericho yenyewe ilikuwa mji wa kutengeneza nyota.

Tangu miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai, kama Brooke Bond, yalipopanda mashamba yao hapa, watu walikuja kutoka kila upande kutafuta kazi. Wajaluo, Wakisii na Waluhya walikaa katika laini za mashamba pamoja na Wakipsigis. Mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, fedha taslimu zilishuka mjini. Mtu alinunua sukari, akanunua blanketi, na aliyebakiwa na kitu alinunua santuri. Mahali penye watu wengi wa lugha nyingi, wenye mshahara wa kila mwezi na walio mbali na kwao, ndipo penye soko la muziki. Mtu aliye mbali na nyumbani hununua sauti ya nyumbani.

Soko hilo lilionwa na A. P. Chandarana, Mhindi mfanyabiashara wa Kericho. Kampuni yake, iliyokuwa hapa hapa Kericho, ikawa moja ya nguzo za muziki wa benga katika miaka ya 1970. Wapiga benga wa Nyanza walipanda mlima kuja kurekodi Kericho, badala ya kwenda Nairobi. Wengi wanaocheza benga leo hawajui kwamba mji wetu huu wa mvua na ukungu ulikuwa jiko lake mojawapo.

Na benga yenyewe ni nini, kama si uigaji? Vijana wa Kiluo walishika gita la Mzungu, wakalipiga kwa vidole vilivyofuata mwendo wa nyatiti ya babu zao. D. O. Misiani wa Shirati Jazz na wenziwe walilifanya gita lizungumze Kijaluo. Hebu liweke jambo hili kando ya Chemirocha. Kapkatet, kinubi kilimwimba mwenye gita. Kericho, saa moja tu kwa gari kutoka hapo, gita likamwiga mwenye kinubi. Kipaji kilikuwa pande zote mbili. Tofauti ni kwamba wapiga benga walikuta duka, mtambo, kiwanda cha kuchapa santuri na wauzaji. Na wasichana wa Kapkatet walikutana na mwenye maktaba.

Hata umbo la nyimbo lilikatwa na biashara. Santuri ndogo ya wakati huo ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Ndiyo maana benga nyingi za zamani zina sehemu ya kwanza na ya pili: upande mmoja maneno, ukigeuza, magita yanachemka na mchezaji anajimwaga. Mwenye kupanga hivyo hakuwa mtunzi peke yake. Kisahani chenyewe kilishika kisu.

Wakipsigis nao hawakukaa kutazama. Marehemu Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walichukua magita ya namna hiyo wakayatia Kikalenjin, na nyimbo zao zikapendwa katika Bonde la Ufa lote. Aliyewaita waigaji wa benga hakukosea, ila alisahau kuongeza kwamba benga nayo iliiga. Kipchamba alifahamika kwa sababu alikuwa na kitu chake cha kusema, na pia kwa sababu kwa wakati huo santuri ya Kikalenjin ilikuwa imepata wachapaji, na redio ya kuipiga.

SUNGURA ALIYEFIKA ZIMBABWE

Nikitaka kumwonyesha msomaji nguvu ya jina lililochapishwa kwenye santuri, sina mfano mkubwa kuliko huu. Phares Oluoch Kanindo alikuwa mfanyabiashara wa santuri za benga. Moja ya nembo zake iliitwa Sungura. Santuri hizo zilisafiri kusini hadi nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia, na wapigania uhuru wa huko waliokuwa katika makambi ya Tanzania na Msumbiji walizisikia pia. Vijana wa huko waliiga. Walipopata uhuru mwaka 1980 na nchi ikaitwa Zimbabwe, muziki ule wa magita ulikuwa umekwisha kupewa jina la Kanindo, na baadaye aina kubwa ya muziki wa nchi hiyo ikaitwa sungura, mpaka leo.

Nataka tukae hapo kidogo. Wazimbabwe hawakuuita muziki huo kwa jina la mpiga gita yeyote wa Nyanza. Waliuita kwa jina la mwuzaji, kisha kwa jina la nembo yake. Mpiga gita alitokwa na jasho, na mnyama mdogo aliyechorwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri ndiye aliyebaki katika vinywa vya watu. Sisemi hivi kumlaumu Kanindo. Bila yeye muziki huo usingevuka mpaka wowote. Nasema ili mwanamuziki ajue dunia inasoma nini.

JANI NI LETU, PAKITI NI LA NANI?

Sisi tulio katika nchi ya chai tusingepaswa kushangaa. Tunalijua jambo hili kwa mikono yetu. Mama huamka alfajiri akachuma majani mawili na chipukizi, akayabeba mgongoni hadi kituo cha kununulia, yakapimwa. Kiwandani yanakaushwa, kisha yanashuka Mombasa kwenye mnada. Huko mnunuzi huyachanganya na ya nchi nyingine, akayatia katika pakiti yenye jina la kigeni. Mnywaji wa London husifu jina la pakiti. Ladha ni ya kilima cha Kericho au Bomet, lakini yeye hajui, wala pakiti halimwambii.

Katika chai angalau tumekwisha kuamka. Wakulima wadogo wana viwanda vyao, wana mikutano yao, na bei ikiwa mbaya wanapiga kelele hadi zisikike Nairobi. Katika muziki bado tunauza jani bichi.

Kanda zilipoingia katika miaka ya 1980, nyimbo zilianza kunakiliwa mitaani na kuuzwa bila mtunzi kupata senti, na maduka ya santuri yakafifia. Mwanzo wa karne hii zilikuja redio za Kikalenjin kama Kass FM, na vijana wa Bomet na Kericho wakapata mahali pa kusikika. Leo ukipanda matatu kutoka Kericho kwenda Bomet, utasikia kinanda cha kompyuta, nyimbo za dini, rumba ya Kikalenjin, na vijana wenye mwendo wa Bongo. Wazee hulalamika kwamba vijana wanaiga. Nami nawajibu kwa heshima: wazee wangu, nyinyi wenyewe mlicheza Chemirocha.

Lawama yangu ni nyingine. Kijana wa kwetu anarekodi wimbo kwa shida, analipia studio kwa pesa za chai ya mama yake, wimbo unapendwa, kisha ukimwuliza nani ana haki ya wimbo huo, anakuonyesha simu. Hana karatasi. Hajui kama jina lake limeandikishwa, au ni la mwenye studio, au la rafiki aliyemsaidia kuupeleka kwenye mtandao. Jina lake la jukwaani linafanana na la nyota wa Dar es Salaam, mavazi yake ni ya Lagos. Hata nyimbo zake zikivuma, msikilizaji wa mbali ataona pakiti ya mtu mwingine.

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, ambayo inatambua kwamba jamii nzima yaweza kuwa na haki juu ya wimbo wake. Lakini sheria ni kama gita lililotundikwa ukutani: halitoi sauti mpaka mtu alishike.

LA KUFANYA

Kwa mtazamo wangu, tuache kuwauliza wanamuziki wetu kama wanaiga. Swali hilo halina faida, kwani jibu lake ni ndiyo, kwa kila mmoja, kuanzia Rodgers hadi Misiani. Tuwaulize mambo mawili mengine. La kwanza, ulichokiiga umekigeuza kiasi gani? Kama mwenye kitu akikisikia atasema "hiki ni changu", bado uko darasani. Kama atasimama asikilize kwa mshangao, kama ambavyo Rodgers mwenyewe angesimama kuusikiliza wimbo wa Kapkatet, basi umehitimu. La pili, ni jina la nani limeandikwa, na karatasi iko wapi?

Na sisi wasikilizaji tuna wajibu wetu. Shule zetu za Kericho na Bomet hufanya tamasha za muziki kila mwaka. Sioni kwa nini mtoto wa huko amalize masomo bila kuusikia wimbo wa Chemirocha na kulijua jina la Chemutoi Ketienya. Kaunti zetu mbili hutumia fedha kutangaza chai na wanariadha. Zikitenga kiasi kidogo kwa ajili ya kuandikisha nyimbo za wazee, na kuwapa vijana mwanasheria wa kuwasomea mikataba, hazitafilisika.

Methali ile tuliyoanza nayo ilitungwa kwa ajili ya soko dogo, ambako mnunuzi humwona mwuzaji uso kwa uso, akaionja ndizi kabla ya kulipa. Katika soko hilo ni kweli, kizuri chajiuza. Soko la muziki halina uso. Mnunuzi wake yuko mbali, naye husoma jina kwanza ndipo asikilize. Basi kijana wa Kapkatet na aimbe, aige akitaka, ageuze apendavyo. Ila kabla hajautoa wimbo nyumbani, auandike jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa.